Gari Lililokuwa Likizimika Mlangoni kwa Bibi Ghati

Nyinyi mnaofungua boneti kwanza na kuuliza baadaye, shikamoo zenu nimezipokea. Najua mmenisalimia kwa heshima ili nimalize haraka mrudi kwenye simu zenu, kule ambako jamaa wa nchi ya mbali anatengeneza gari zima ndani ya muda wa kunywa chai na mikono yake haichafuki. Mungu ambariki. Mimi nimekuwa fundi umeme wa magari hapa Tarime tangu nikiwa na nywele kichwani. Sasa nimestaafu, maana yake macho yalistaafu, nami nikayafuata. Namshukuru Mungu kwa yote mawili. Mimi pia ni mzee wa kanisa, kwa hiyo msitegemee niwatukane. Nitawasifu tu.

Nawasifu kwanza kwa ukarimu. Gari likija haliwaki, mnabadilisha plagi. Likigoma, mnabadilisha waya za plagi. Likigoma tena mnabadilisha koili, kisha betri, kisha mnamtazama mwenye gari kana kwamba naye angebadilishwa. Mwishowe linawaka, na nyinyi wenyewe hamjui ni kipi kati ya vyote kilichokuwa kibovu. Mnakipeleka kile kizima jalalani pamoja na kile kilichokufa, na mnalala vizuri. Mimi sikuwahi kuwa na usingizi mzuri kiasi hicho.

Siku hizi, ni kweli, kila plagi ina koili yake juu, kama ambavyo kila mtoto nyumbani ana simu yake. Mnachomeka kompyuta, kompyuta inasema. Lakini huku kwetu, kuanzia Nyamwaga mpaka Nyambureti, bado yapo magari yaliyozaliwa kabla ya wanaoyaendesha. Yana koili moja tu, na hayana hata tundu la kuchomekea hiyo kompyuta. Haya ndiyo yatawaaibisha, kwa hiyo nisikilizeni kidogo.

Koili ni kama mhubiri wa mkutano wa hadhara. Anapewa neno dogo, analitoa likiwa kubwa mpaka wanalisikia kijiji cha pili. Betri inampa umeme mdogo. Platini, ambazo ni vidomo viwili vya chuma ndani ya distribyuta, kile chombo kinachozigawia plagi umeme, zinaufungulia na kuufunga ule umeme kadiri injini inavyozunguka. Kila platini zinapoachana, koili inarusha umeme mkali kupitia ule waya wake mnene, unakwenda kwenye plagi, cheche inatoka, petroli inalipuka, gari linakwenda sokoni. Kwa hiyo maswali ni mawili tu. Je, amri inafika kwenye koili? Je, koili inajibu? Mtu akishindwa kutofautisha maswali hayo mawili atabadilisha vitu mpaka Bwana arudi.

Aliyenifundisha hayo alikuwa Mjaluo mmoja wa upande wa Shirati, tulimwita Fundi Okelo. Alinichukua Musoma nikiwa sijui hata kumenya waya. Yeye kifaa chake kilikuwa balbu ya taa ya kona iliyoungwa waya mbili, basi. Waya mmoja kwenye bodi ya gari, mwingine kwenye mdomo mdogo wa koili ule unaokwenda kwenye platini. Mtu anapiga stata. Balbu ikipepesa, inawaka inazima, amri inafika. Ikiwaka tu bila kuzima, au isipowaka kabisa, tafuta kwingine, koili usiiguse. Tukimwuliza kwa nini hatumii mita kama mafundi wengine, alikuwa akisema mita ni nzuri sana kwa mtu anayependa kusoma.

Jambo lake la pili lilinichosha zaidi. Gari likiletwa na mwenyewe anasema, "Huwa linazimika njiani," Okelo alikuwa haligusi. Analiwasha, analiegemea, anaagiza chai. Mwenye gari anauliza, "Fundi, huanzi?" Okelo anajibu, "Nimeshaanza. Nasubiri liugue." Alikuwa na subira ile mnayoisoma kwenye nyaraka za mitume, ila yeye aliifanyia kazi kwenye mafuta machafu. Hitilafu nyingi za koili zinajificha gari likiwa baridi. Ukipima asubuhi utaona koili nzuri, na utaapa kwa jina la mama yako.

Huko Nyansurura niliwahi kukuta gari ambalo plagi zake zilikuwa zimepakwa mafuta ya maombi, zote, kwa uangalifu mkubwa. Nilizifuta kwa kitambaa na kumshukuru Mungu kwamba hawakuzitia maji ya mto. Mimi naamini maombi. Yamenilea. Lakini nimesoma Maandiko kutoka mwanzo hadi mwisho na sijaona mahali ambapo Mungu ameahidi kusafisha plagi.

Sasa niwaeleze habari ya Marwa na pikapu yake, kwa sababu pale koili moja nusura imng'oe mjane kwenye nyumba yake.

Marwa ni kijana wa Nyamwaga. Alikuwa akibeba ndizi na mahindi kwa pikapu ya petroli, ya zamani, akipeleka mjini Tarime. Barabara yake inavuka kijito, halafu inapanda mlima mrefu wa vumbi, na juu kabisa ya mlima ndipo lilipo boma la Bibi Ghati. Mume wake alishafariki, watoto wameolewa mbali, anaishi na mbuzi zake na migomba. Na pikapu ya Marwa ilikuwa na tabia moja: ikiwa na mzigo, ikimaliza ule mlima, inazimika mlangoni kwa Bibi Ghati. Si kabla, si baada. Pale pale.

Mara ya kwanza walifanya mliyoyazoea. Walifungua boneti, wakatazama ndani kwa huzuni, wakafunga. Wakapuliza bomba la petroli. Wakasukuma. Mwishowe mmoja wa wapakiaji akasema, "Twende tumwombe huyu bibi." Wakaenda. Wakasalimia, wakaulizana habari za nyumbani, za mbuzi, za mvua, kisha wakamwomba aliachie gari lao. Bibi Ghati akatoka na jembe.

"Mimi na gari lenu wapi na wapi? Ondokeni mlangoni kwangu!"

Marwa akarudi, akageuza ufunguo. Likawaka.

Basi imeisha hiyo. Safari iliyofuata likazimika tena, wakaenda moja kwa moja kuomba. Walipoomba kwa kifupi, likakataa. Walipoomba kwa kirefu, likawaka. Wakajifunza kwamba bibi anataka kubembelezwa. Na mimi naungana nao, ule ulikuwa utafiti mzuri sana. Ila koili ya aina ile ikishapata moto huhitaji kama nusu saa ipoe, na mimi sijaona mtu wa Tarime anayeweza kumsalimia mwanamke mzee, akamwomba jambo na kuaga, kwa chini ya nusu saa. Kila walipomwomba alizidi kuwa mchawi. Na kila alipowafukuza, gari lilithibitisha.

Marwa alikuwa na baba mdogo, Mzee Chacha. Shamba la Mzee Chacha limepakana na la Bibi Ghati upande wa kijito. Mzee huyu aliumia sana rohoni kwa ajili ya gari la mtoto wa kaka yake. Aliumia kiasi kwamba akaomba liitwe ritongo, kile kikao cha wanaume wa kijiji kinachoamua mambo, ili Bibi Ghati aambiwe arudi kwa kaka zake ng'ambo ya mpaka, Kenya, na shamba liangaliwe na majirani wenye moyo mwema. Sijui ni majirani gani aliokuwa akiwafikiria.

Hapo katikati Marwa aliniletea ile pikapu. Ilikuwa asubuhi, gari tupu, baridi kama maji ya mtungi. Niliitazama, nikaona kitu cha ajabu. Koili ilikuwa imetolewa mahali pake na kufungwa karibu kabisa na bomba la eksozi.

"Mura, kijana wangu, nani ameihamishia koili jikoni?"

Marwa akacheka, akaniita baba kwa Kikurya. "Tata, hapo pake nimeweka betri ya pili. Ya muziki."

Mnielewe. Ndizi zilikuwa haziwezi kusafiri bila muziki. Nikaipima koili kwa mita, ikajibu vizuri. Nikamwambia, "Sasa hivi koili ni nzima, lakini hapo ilipo itapikwa. Niletee likiwa limezimika, au niite huko huko nilipime likiwa na moto." Akashukuru, akaondoka na nusu ya sentensi yangu. Kijijini akafikisha ile nusu ya kwanza.

Siku chache baadaye, mwanamke mzee alishuka kwenye bodaboda mbele ya gereji yangu, amevaa kitenge cha kwenda kanisani.

"Ni wewe fundi uliyesema gari la Marwa ni zima?"

"Shikamoo, mama. Karibu ukae."

"Marahaba. Shikamoo yako haitanirudishia nyumba." Hakukaa. "Chacha amesimama sokoni anawaambia watu, fundi mkubwa wa Tarime amepima, gari halina ugonjwa. Kama gari halina ugonjwa, ugonjwa ni mimi. Jumamosi wananiondoa kwa mdomo wako."

"Mama, mimi nilisema na mengine."

"Hayo mengine hayajafika Nyamwaga."

Nikamwuliza kama anaweza kwenda kwa kaka zake hata kwa muda, mambo yapoe. Alinitazama kama mnavyonitazama nyinyi nikianza habari za platini.

"Mume wangu amelala pale kwenye migomba. Nimwambie nini, kwamba nimefukuzwa na pikapu?"

Nilimwambia nitafika Jumamosi. Akaniuliza kama nitakuja na wazee wa kanisa. Nikamwambia nitakuja na balbu. Sikuona kama jibu lile lilimfariji.

Jumamosi ritongo lilikaa kwenye uwanja wa josho la ng'ombe. Wanaume walikuwa wengi, maana kumhukumu mwanamke ni kazi isiyohitaji kuitwa mara mbili. Bibi Ghati alikaa peke yake kwenye jiwe, mikono mapajani. Mzee Chacha alizungumza vizuri, kwa masikitiko, kisha akanigeukia.

"Fundi mwenyewe huyu hapa. Aseme. Hii gari ni nzima au si nzima?"

"Ikiwa baridi ni nzima. Ikipata moto ni mgonjwa."

"Jibu swali, ndugu yangu. Nzima au mgonjwa?"

"Wewe ukilala unakoroma, Mzee Chacha. Ukiamka tuseme wewe ni mtu wa kukoroma?"

Walicheka kidogo, si sana. Nikawaomba jambo moja. Pikapu ipakiwe ndizi kama kawaida, ishuke mpaka kijitoni, lakini badala ya kupanda mlima wa Bibi Ghati, ipande ule wa upande wa pili, ambao urefu wake ni ule ule. Wazee wawili wapande juu ya ndizi, wawe mashahidi, na vijana watakaoweza kufuata kwa miguu wafuate. Bibi Ghati abaki pale pale joshoni, mbele ya macho ya wote.

Mzee Chacha akakunja uso. Ule mlima wa pili unaishia mlangoni kwake.

"Kwa nini huko?"

"Mlima ni mlima, mzee. Au huko kwako kuna mtu wa kuogopwa?"

Sitawaficha, njia ile niliichagua kwa maombi. Pia nilikuwa nimekwenda kuikagua siku iliyotangulia.

Tukashuka, tukavuka, tukapanda. Nilimwambia Marwa afungulie muziki, tusiibadilishie gari mazoea. Mimi nilikaa mbele pamoja naye na Mzee Chacha, nikisali kimya kimya jambo ambalo fundi yeyote angeona aibu kulisema: nilikuwa nikisali gari liharibike. Namshukuru Mungu, hakunifanya nisubiri. Tulipofika juu, injini ikakohoa mara mbili ikanyamaza, na gari likasimama mbele ya zizi la Mzee Chacha kama ng'ombe aliyefika nyumbani.

Mke wake akatoka na ungo mkononi.

"Kuna nini?"

Mzee mmoja pale juu ya ndizi, mtu wa utani, akavua kofia. "Mama, shikamoo. Tunakuomba utuachie gari letu."

Vijana waliotufuata wakaangua kicheko. Nami nikaanza kucheka, mpaka nilipomsikia mmoja nyuma akisema kwa sauti ya mtu aliyevumbua kitu:

"Kumbe wako wawili!"

Kicheko kikakatika. Nimefanya kazi na umeme maisha yangu yote, sijaona kitu kinachopita kati ya watu kwa kasi kama neno lile. Niliona macho yakimgeukia yule mama mwenye ungo. Nilikuwa nimekuja kumwokoa mwanamke mmoja, na sasa nilikuwa karibu kuwapa wa pili.

"Fungua boneti, Marwa! Upesi, kabla haijapoa!"

Nikaunga balbu ya Okelo kwenye mdomo mdogo wa koili. Nikawaambia wale wazee wawili washuke wasogee. Marwa akapiga stata. Balbu ikapepesa.

"Mnaona? Amri inafika. Sasa tazameni jibu." Nikachomoa ule waya mnene kutoka kwenye distribyuta, nikaushika kwa koleo yenye mpira na kuusogeza karibu na chuma cha injini. "Piga!" Stata ikalia, balbu ikapepesa, lakini kwenye waya mnene hakuna cheche hata moja. "Anaambiwa na hajibu. Mzee, weka mkono hapa juu ya koili."

Yule mzee wa utani akauweka, akautoa haraka, akasema neno la Kikurya ambalo mimi kama mzee wa kanisa sikulisikia.

Ndani ya koili kuna waya mwembamba kuliko unywele, umezungushwa mara nyingi sana. Wa Marwa ulikuwa umekatika. Ikiwa baridi zile ncha zinagusana. Ikipikwa zinaachana, jibu halitoki. Ikipoa zinagusana tena, hata kama hakuna aliyeombwa msamaha. Nikatoa koili nyingine niliyokuja nayo, nikaining'iniza kwa kipande cha mpira wa tyubu mbali na eksozi, nikaunga waya.

"Sasa mtu yeyote asiombe kitu. Mama, wewe endelea na ungo wako. Marwa, washa."

Likawaka papo hapo, muziki nao ukarudi kutupigia kelele.

Wa kwanza kuzungumza alikuwa Mzee Chacha. Alikuwa amesimama kati ya watu na mke wake, jasho linamtoka.

"Ni koili!" akasema. "Si mnaona wenyewe? Ni koili! Mtu asilete mambo ya kishamba hapa!"

Vijana, mimi nimewahi kuona watu wakiokoka, lakini si kwa mwendo ule. Asubuhi alikuwa hajui koili ni chakula au mnyama. Adhuhuri, tuliporudi joshoni, alisimama akaihubiri mbele ya ritongo zima, amri na jibu, baridi na moto, akionyesha kwa mikono. Alikosea kidogo, alisema plagi ndiyo inayoitumia koili amri. Sikumsahihisha. Siku ile alikuwa akinifanyia kazi.

Ritongo likasema Bibi Ghati abaki kwake, na mtu asimtaje tena kwa habari ya gari. Kwa kuwa alikuwa amesingiziwa, wakamwuliza anataka nini, wakitegemea mbuzi. Alisimama polepole, akajipangusa vumbi.

"Mbuzi ninao. Watu wamenitukana mlangoni kwangu wakiwa wanakwenda sokoni. Mimi pia nina ndizi. Gari likipita linichukue. Na nikae mbele."

Kiti cha mbele, siku zote, kilikuwa cha Mzee Chacha. Wanaume walicheka mpaka ng'ombe wakageuka kutazama, na ikapita hivyo hivyo. Tangu hapo Mzee Chacha anakwenda Tarime amekaa juu ya ndizi, na nasikia huko juu anawafundisha wapakiaji habari za umeme.

Baadaye nilimpa Marwa koili mpya nikamfungia mahali pake pa asili, ile betri ya muziki nikaipeleka nyuma, ikapige kelele pamoja na mzigo. Na majuzi nilikwenda Nyamwaga msibani, nikaomba kurudi mjini na pikapu ile ile. Ndizi zilinichoma mgongo, lakini nilishukuru. Tulipomaliza mlima, Marwa akazima gari kwa ufunguo mlangoni kwa Bibi Ghati. Wakapakia mikungu yake. Mama akaingia mbele, akaweka kitenge sawa, akapiga dashibodi kwa kiganja.

"Haya. Nimekuachia. Nenda."

Hapo ndipo Marwa akageuza ufunguo. Nikainama nikamsemesha kupitia dirishani.

"Mura, koili si mpya?"

"Mpya, tata."

"Na si iko mbali na eksozi?"

"Iko mbali."

"Sasa ulikuwa unasubiri nini?"

Akamtazama bibi kwa pembeni, kisha akanitazama mimi, akashusha sauti.

"Tata, koili ni mpya. Gari ni la zamani."

Bibi Ghati alikuwa akitazama barabara mbele yake, ametulia kabisa.